Jean Drapeau na mtu aliyeshika mfuko

Kwa wapenzi wa riadha wa Afrika Mashariki, Montreal ni jiji la mbio ambazo hazikukimbiwa. Julai 1976 Filbert Bayi, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1500, hakushindana huko, wala Mike Boit wa Kenya, wala John Akii-Bua wa Uganda, kwa kuwa nchi zetu zilisusia Michezo ya Olimpiki kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand kwa makaburu. Wenyeji wa Montreal wana kumbukumbu yao nyingine ya michezo hiyo: deni lililolipwa kwa miaka 30, kwa sehemu kubwa kupitia ushuru wa sigara, likaisha mwaka 2006. Lawama humwangukia Jean Drapeau, meya wa jiji hilo kuanzia 1954 hadi 1957, kisha 1960 hadi 1986. Husimuliwa kwamba kijana mwadilifu alilewa madaraka, na mjenzi hodari akazeeka akawa mfujaji. Simulizi hiyo naikataa. Drapeau wa 1976 ndiye yule yule wa 1966. Aliyeondoka ni mtu aliyeweza kumwambia hapana.

Drapeau alikuwa wakili, mzaliwa wa 1916, aliyejipatia jina katika uchunguzi wa Jaji François Caron ulioanza 1950, pale yeye na Pacifique Plante walipofichua jinsi polisi walivyoyalinda madanguro na nyumba za kamari. Sifa hiyo ikampa umeya akiwa na miaka 38. Alishindwa 1957, akarudi 1960 na chama chake mwenyewe, Parti civique, na safari hii akaja na Lucien Saulnier kama mwenyekiti wa kamati tendaji. Cheo hicho ni kizito kuliko kinavyosikika, maana kamati hiyo ndiyo iliyoandaa bajeti ya jiji na kusimamia mikataba. Meya aliota, Saulnier akahesabu. Treni ya chini ya ardhi, iliyojadiliwa Montreal kwa miongo kadhaa bila kuchimbwa hata shimo, ilianza kujengwa Mei 1962 chini ya mhandisi wa jiji Lucien L'Allier, ikafunguliwa Oktoba 1966, ikitembea kwa matairi ya mpira kama zile za Paris, na wasanifu mbalimbali walipewa vituo vyao wavibuni. Mwaka uliofuata yakaja Maonyesho ya Dunia, ambayo Moscow ilikuwa imeyaacha mwaka 1962. Kisiwa kizima kilitengenezwa katika mto St. Lawrence, na watu walioingia walizidi milioni 50, katika nchi yenye watu milioni 20 tu. Maonyesho hayo hayakurudisha gharama zake. Lakini mgawo wa mzigo ulikuwa umeandikwa mapema: serikali kuu nusu, jimbo la Quebec asilimia 37.5, jiji asilimia 12.5, na shirika la umma likasimamia kazi.

Sasa tuutazame mwaka 1970. Mwezi Mei, mjini Amsterdam, Montreal ilizishinda Moscow na Los Angeles ikapewa Olimpiki. Mwaka huo huo Saulnier aliondoka kwenda kuongoza Jumuiya mpya ya Miji ya Montreal. Oktoba, wanaharakati wa FLQ, kundi lililotaka Quebec ijitenge, waliteka watu, jeshi likaingia mitaani, na katika hofu hiyo chama cha Drapeau kilitwaa viti vyote 52 vya baraza, naye mwenyewe akapata takriban asilimia 92 ya kura za umeya. Ndani ya miezi michache meya alipata mradi mkubwa kuliko yote ya maisha yake, akampoteza mshika mfuko, na upinzani ukafutika barazani. Serikali kuu ya Kanada, chini ya Waziri Mkuu Pierre Trudeau, nayo ilikataa kubeba hasara yoyote, ikaachia bahati nasibu, sarafu na stempu za kumbukumbu. Kwa hiyo haikuwa na sababu ya kukaa mezani na kuzikagua hesabu. Msanifu Roger Taillibert alichaguliwa bila mashindano. Alichora uwanja wa zege wenye mnara ulioinama, ambao nyaya zake zingeinua paa kama mwavuli. Bajeti iliyotangazwa 1973 ilikuwa dola milioni 310, na Drapeau aliwaambia waandishi kwamba Olimpiki haiwezi kuleta hasara, kama vile mwanamume asivyoweza kuzaa. Gharama zilifikia kama dola bilioni 1.5. Novemba 1975 serikali ya Quebec ilimpokonya ujenzi, na michezo ilifunguliwa mnara ukiwa nusu. Ulikamilika 1987.

Watetezi wake hutaja bei ya mafuta ya 1973 na migomo ya wafanyakazi. Ni kweli, vilimuumiza. Ila tume ya Jaji Albert Malouf iliyatazama hayo na bado, mwaka 1980, lawama kubwa ikamwekea meya aliyejifanya msimamizi wa ujenzi, katika mradi usiokuwa na kikomo cha gharama. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hatuwezi kuthibitisha Saulnier angemzuia. Hatuwezi, lakini tunaweza kuona kilichotokea pasipo mtu kama yeye. Siku chache kabla ya ufunguzi, Drapeau aliamuru maonyesho ya sanaa ya Corridart, yaliyopangwa kilomita kadhaa kwenye barabara ya Sherbrooke kama sehemu ya programu ya michezo yenyewe, yabomolewe. Wafanyakazi wa jiji waliyang'oa usiku, na wasanii wakabaki na mahakama tu. Katika baraza, chama cha upinzani kilichopata viti 18 mwaka 1974 kilikuwa na haki ya kuuliza, si uwezo wa kuzuia.

Wengine husema wapiga kura walimsamehe, kwani 1978 walimrudisha na viti 52 kati ya 54. Nadhani walikuwa wakimpigia kura mtu wa treni waliyoipanda kila asubuhi, na hilo ni haki yao. Lakini kura ya kila miaka minne haikagui mkataba wa zege. Kazi hiyo ilikuwa ya kamati tendaji, na tangu 1970 kamati hiyo ilikuwa ikimfuata meya.