Menyu ya M-Pesa ilivyopunguzwa mpaka ikaeleweka

Machi 6, 2027 M-Pesa itatimiza miaka 20 tangu Safaricom iizindue nchini Kenya, na hotuba za siku hiyo mtu anaweza kuzibashiri kuanzia sasa: mabilioni yaliyopita humo, vijiji vilivyofikiwa, tuzo zilizonyakuliwa. Kitakachosahaulika, nachelea, ni ile menyu yenyewe, maneno machache yaliyokaa ndani ya laini ya simu. Wabunifu wa programu za simu wanaotujazia skrini kwa matangazo na vitufe visivyobonyezwa wangefaa kuirudia, kwa sababu urahisi wake haukuletwa na rangi wala michoro. Uliletwa na watu waliokubali kuondoa walichokuwa wamekipanga.

Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliouongoza mradi huo, waliisimulia safari yao mwaka 2007 katika jarida la Innovations. Majaribio yalianza Oktoba 2005, sehemu ya fedha ikitoka serikali ya Uingereza, yakiwa na wateja wapatao 500 wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Kusudi lilikuwa mkopaji alipe rejesho lake kwa simu. Walilipa, lakini hawakuishia hapo. Mwanamke mmoja ambaye mumewe alikuwa ameporwa alimtumia pesa ili apate nauli ya kurudi nyumbani. Wafanyabiashara waliweka mauzo ya jioni kwenye simu kwa kuwa benki zilikuwa zimeshafunga. Wengine waliweka pesa kwa wakala walikotoka na kuzitoa walikofika, wasizibebe mfukoni njiani. Faulu nayo ilipata taabu, maana kazi yake ilitegemea mikutano ya vikundi, na mwanachama aliyekwisha kulipa kwa simu hakuona sababu ya kuhudhuria. Uamuzi uliofuata ndio kiini cha historia hii: marejesho ya mikopo yakawekwa kando, huduma ikazinduliwa ikiwa na kutuma pesa, kutoa pesa, kununua muda wa maongezi na mambo ya akaunti ya mteja, chini ya wito mmoja wa kutuma pesa nyumbani. Ni wasimamizi wangapi wa miradi leo wangekubali kukitupa kile kilichowapatia ufadhili?

Pingamizi la kwanza linajulikana. Husemwa kwamba Safaricom ilishaliteka soko, mawakala wake wakawa kila kona, na menyu hata ingekuwa mbovu ingefaulu. Tena ushahidi upo jirani: Vodacom ilianzisha M-Pesa Tanzania mwaka 2008, jina lilelile na wazo lilelile, na miaka ya mwanzo ilisuasua huku Kenya ikipaa. Hoja hiyo ni nzito, lakini inamkosa mtumiaji. Kwake, huduma haiishii kwenye skrini. Inaanzia kwa wakala anayemfundisha pa kubonyeza, inapita kwenye namba ya siri, inafika kwenye ujumbe unaomthibitishia yeye na aliyetumiwa kwamba pesa imeingia. Kiungo kimoja kikilegea, vingine havina kazi. Kwa hiyo Tanzania haikuonyesha kwamba ubunifu si kitu. Ilionyesha kwamba wakala mwenye fedha taslimu dukani ni sehemu ya ubunifu, naye hachorwi kwenye kompyuta.

Hata hivyo menyu hiyo ilikuwa na kasoro iliyowaumiza watu kwa miaka, na mashabiki wake hupenda kuiruka. Aliyekosea tarakimu moja alituma pesa kwa asiyemjua. Jina la mpokeaji lilimfikia kwenye ujumbe wa uthibitisho, wakati pesa zimeshaondoka, na mara nyingi mpokeaji alikuwa ameshakimbilia kwa wakala kuzitoa. Mtandao ulilijua jina hilo muda wote! Wahandisi wana utetezi wao: menyu iliishi ndani ya laini, ikakusanya namba, kiasi na namba ya siri, kisha ikavituma vyote kwa mkupuo mmoja; haikuwa na njia ya kuuliza jina na kusubiri jibu. Utetezi huo ni wa kweli, ila ulifaa mwaka 2007 kuliko miaka iliyofuata. Dawa ilikuja 2015 kwa jina la Hakikisha. Mteja akishatuma, jina hujitokeza kwenye skrini, naye hupewa sekunde chache za kusitisha kwa kujibu herufi au namba yoyote. Asipojibu, pesa huenda. Yaani kimya kilihesabiwa kuwa ridhaa, jambo lisilomfaa mzee anayeitafuta miwani, lakini lilimhurumia yule mwenye haraka, ambaye ndiye mteja wa kawaida. Wapo walionung'unika kwamba sasa mtu yeyote anaweza kuchunguza namba ni ya nani, kisha akasitisha bila kutuma hata senti. Wana haki. Lakini ukipima siri ya jina na karo ya mtoto iliyopotelea kwa mgeni, sidhani kama mizani itasumbua.

Mengine yaliyofuata yanajulikana: malipo ya bili, mikopo ya M-Shwari mwaka 2012, Lipa na M-Pesa madukani, na mwaka 2021 programu ya simu janja. Hiyo ya mwisho ina mengi, na mwenye kitochi haioni kabisa. Yeye bado anabonyeza menyu ya laini. Iwapo waandaaji wa maadhimisho watakuwa na meza ya maonyesho, waweke laini moja ya mwaka 2007 na daftari la wakala lenye saini za wateja, kisha wawasimamishe mbele yake wabunifu wa programu za benki zetu, kila mmoja ahesabu kwa sauti hatua anazompitisha mteja kabla hajatuma shilingi mia.