Vikundi vidogo humwezesha kila mtoto kusoma kwa sauti yake

KATIKA darasa la kwanza lenye watoto 90, mwalimu huonyesha neno ubaoni na darasa zima likaitikia kwa sauti moja. Anayepita karibu na dirisha ataamini kwamba watoto wote wanajua kusoma. Ukweli ni kwamba baadhi yao wanasoma, na wengine wanafuata sauti za wenzao.

Tofauti hiyo haionekani mpaka mtoto awekewe mbele yake ukurasa asiowahi kuuona, akiwa peke yake. Kwa bahati mbaya, wapo ambao siku hiyo huwafikia wakiwa wamechelewa mno.

Mwaka 2012, Serikali ya Tanzania ilieleza kuwa zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza walibainika kutojua kusoma na kuandika. Kabla ya hapo, mwaka 2010, utafiti wa Uwezo uliowapima watoto majumbani ulibaini kwamba ni takriban watatu tu kati ya kila kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili.

Mojawapo ya njia zinazotumika kukabiliana na tatizo hilo ni kuwagawa watoto katika vikundi vidogo, kwa kuzingatia kiwango ambacho kila mmoja amefikia, ili kila siku kila mtoto apate nafasi ya kusoma na kusikilizwa.

Hesabu ya muda

Sera ya elimu nchini Tanzania imelenga mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 wa shule ya msingi. Hata hivyo, baada ya ada kufutwa mwaka 2001, na tena baada ya elimu bila ada kuanza kutekelezwa Januari 2016, madarasa ya mwanzo katika shule nyingi yalifurika kupita kiwango hicho.

Iwapo mwalimu wa watoto 90 atataka kumsikiliza kila mmoja katika kipindi cha dakika 30, kila mtoto atapata sekunde 20. Muda huo hautoshi hata kufungua kitabu. Lakini mwalimu huyo akikaa na watoto sita kwa dakika 15, kila mmoja atasoma kwa dakika mbili na nusu, na wakati mwenzake anasoma, yeye atakuwa anafuatilia mstari huohuo kwa kidole.

Kiswahili kina unafuu wake. Irabu ni tano tu, na kila moja hutamkwa kwa namna moja popote inapotokea. Mtoto aliyeshika vizuri ba, be, bi, bo, bu na silabi nyingine za aina hiyo anaweza kuunganisha baba, bibi na babu bila kufundishwa kila neno peke yake.

Ugumu huanzia kwenye sauti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja, kama vile ch, ny, ng' na mb, na kwenye maneno marefu. Neno kama "wanaokimbilia" linamtaka mtoto ashike silabi saba mfululizo bila kusahau ya kwanza. Hapo ndipo mazoezi ya mtu mmoja mmoja yanapohitajika zaidi.

Namna ya kuunda vikundi

Kazi huanza kwa kumpima kila mtoto kwa dakika chache. Hupewa silabi, kisha maneno, kisha aya fupi, na mwisho hadithi. Pale anapokwama ndipo anapopangiwa kikundi, bila kujali umri wake wala dawati analokalia.

Watoto wanne hadi sita hukaa nusu duara, karibu na mwalimu, ili aone midomo yao na vidole vyao. Kila mmoja husoma sehemu yake kwa sauti. Anapokosea, mwalimu humwachia muda mfupi ajirekebishe. Akishindwa, huonyeshwa silabi iliyomkwamisha, kisha husoma upya neno zima na sentensi nzima.

Ni muhimu pia kuhakikisha kwamba mtoto hajakariri ukurasa. Njia rahisi ni kufunika picha, kisha kumtaka asome neno lililo katikati ya mstari. Aliyekariri hulazimika kuanza tena mwanzo wa sentensi, ilhali anayesoma hulitamka palepale.

Wakati huo darasa lililobaki linapaswa kuwa na kazi. Baadhi huunda maneno kwa vizibo vya soda vilivyoandikwa silabi, wengine hunakili na kusomeana wawili wawili. Pasipo maandalizi hayo, kelele za watoto 80 zitaua kikundi kilichoko mbele. Kwa sababu hiyo, walimu wenye madarasa makubwa huona vikundi viwili au vitatu kwa siku, vingine siku inayofuata.

Ushahidi kutoka India na Kenya

Nchini India, shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, liliwatumia wasichana wa mitaa husika kuwafundisha watoto wa darasa la tatu na la nne walioachwa nyuma. Watoto 15 hadi 20 walitolewa darasani kwa takriban saa mbili kila siku na kufundishwa stadi za mwanzo.

Mpango huo ulifanyiwa utafiti katika miji ya Mumbai na Vadodara kuanzia mwaka 2001, na alama za watoto zilipanda, hasa za wale waliokuwa chini kabisa. Jambo la kuzingatia ni kwamba waliobaki darasani hawakuonyesha maendeleo ya maana, ingawa idadi yao ilikuwa imepungua. Kupunguza idadi peke yake hakukutosha. Kilichosaidia ni kumfundisha mtoto pale alipofikia.

Utafiti mwingine ulifanyika katika shule 121 za magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2005. Katika baadhi ya shule hizo, wanafunzi wa darasa la kwanza waligawanywa mikondo miwili kulingana na uwezo wao. Matokeo yao yalikuwa bora kuliko ya shule ambazo mikondo iligawanywa bila kuzingatia uwezo, na waliofaidika ni wa mikondo yote miwili.

Tahadhari

Pamoja na mafanikio hayo, kikundi kinaweza kumdhuru mtoto kikigeuzwa kuwa jina lake. Mtoto anayeitwa "mzito" kwa miezi sita huanza kuamini hivyo, na wenzake humcheka kila anapofungua kinywa.

Kwa hiyo vikundi hupewa majina ya kawaida, kama ya matunda au wanyama, na watoto hupimwa upya baada ya wiki chache. Aliyeshika silabi huhamia kwenye maneno siku hiyohiyo. Kikundi ambacho wanachama wake ni walewale mwaka mzima ni ishara kwamba ufundishaji umekwama.

Aidha, haifai kikundi cha mwisho kuachiwa kiranja huku mwalimu akikaa na wanaojua. Wanaokwama kwenye silabi ndio wanaomhitaji zaidi mwalimu mwenyewe.

Mzazi naye ana nafasi yake. Dakika kumi za kumsikiliza mtoto jioni, hata kwa kutumia gazeti la jana, humpa muda wa kusoma kuliko anaoupata darasani. Mzazi asiridhike kwa kusikia mtoto akitiririsha ukurasa wa kitabu cha shule. Amfungulie ukurasa mwingine, amnyooshee neno moja, kisha asubiri.