Fedha ya Msafiri: Tangu Kibindo Hata Simu

 Somo letu la leo ni la historia, nalo lahusu msafiri na fedha yake. Ninyi mliokusanyika darasani Ukonga mwakaa jirani na kiwanja cha ndege cha Kipawa, ambacho sasa chaitwa kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Wasafiri mwawaona kila siku. Wengine ni jamaa zenu, waendao Dubai au Guangzhou kununua bidhaa za kuuza Kariakoo. Fedha wanayoichukua aghalabu si yao peke yao: ni ya mke, ni ya ndugu, ni ya kikundi cha upatu. Mchopozi akiipata hakumwibia mtu mmoja, ameziibia nyumba tatu.

Wazee wa pwani walisema: Hamadi kibindoni, silaha mkononi. Kibindo ni nini? Mwanamume akivaa shuka au kikoi, hukunja ncha ya juu kiunoni. Ule mkunjo ndio kibindo. Ndani yake alitia fedha, tumbaku, hata barua. Mwanamke naye alifunga fedha yake katika pindo la kanga, fundo dogo gumu. Mpaka leo wako akina mama wafanyao hivyo, nami sioni sababu ya kuwacheka. Fundo halifunguki kwa vidole viwili vya mwizi.

Lakini bara, zamani za misafara, fedha haikuwa sarafu. Burton na Speke walipotoka pwani kwenda Ujiji mwaka 1857, walichukua nguo, shanga na masango ya shaba, kama walivyofanya wafanya biashara wa Unguja na wa Unyamwezi. Hiyo ndiyo iliyonunua chakula na kulipa hongo njiani. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani pauni 70 hivi. Je, mchopozi gani aweza kuchopoa mtumba kama huo? Hofu ya mkuu wa msafara ilikuwa nyingine: mpagazi kutoroka usiku pamoja na mzigo. Kwa hiyo kambini mizigo yote ililundikwa mahali pamoja, na walinzi wakakaa kando yake.

Pwani mambo yalikuwa mbali. Huko ilitumika riali ya Maria Theresa, sarafu ya fedha iliyoandikwa mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mingi baadaye. Riali moja ina uzito wa gramu 28. Haya, pigeni hesabu: riali 100 ni karibu kilo tatu. Kibindo hakiwezi kilo tatu. Msafiri akatumia mkwiji, mfuko mwembamba mrefu wa nguo, ambao hutiwa fedha kisha hufungwa kiunoni kama mshipi, chini ya kanzu.

Mshipi huo ulikuwa na kazi kubwa hasa katika safari ya Hija. Mwanamume aliyehirimia huvaa shuka mbili nyeupe zisizoshonwa. Hana kanzu, hana mfuko, naye yumo katika umati wa watu wa nchi zote. Ataweka wapi nauli ya kurudia? Maulamaa wengi waliona shida hiyo tangu zamani, wakaruhusu mshipi wa fedha ingawa umeshonwa. Mimi husema hii ni hukumu ya watu waliosafiri. Walijua kwamba msafiri aliyeibiwa ugenini huwa ombaomba kabla jua halijatua, na kwao ni mbali.

Kisha reli ikaja. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Reli ilipita huko kwenu kuelekea Pugu. Fedha sasa ilikuwa rupia na hela za Wajerumani, na baada ya vita vya kwanza zikaja shilingi na senti za Afrika Mashariki. Wazee wetu wakumbuka senti 10 yenye tundu katikati. Tundu hilo liliwafaa watu: senti zilitungwa katika uzi kama shanga, uzi ukafungwa mwilini. Senti za Tanzania zilizotoka mwaka 1966 hazikuwa na tundu tena.

Stesheni ndiyo shamba la mchopozi, kwa sababu huko watu husukumana na hakuna amwulizaye mwenzake kwa nini umenigusa. Nguo nazo zilibadilika. Suruali ina mfuko wa nyuma, mahali ambapo mwenyewe hapaoni na mwizi hupaona vema. Sikilizeni jinsi wafanyavyo, maana kazi yao ni ya ushirika. Wa kwanza husimama mlangoni kana kwamba amekosa njia. Wa pili husukuma kwa nyuma na kuomba radhi kwa adabu nyingi. Wa tatu huchopoa, na mara hiyo hiyo humpa wa nne, naye huondoka. Ukimshika wa tatu hana kitu. Mbinu hii hutumika katika daladala la Gongo la Mboto, na hutumika pia katika treni za chini ya ardhi za London na Paris. Mgeni huibiwa upesi kwa kuwa macho yake yako juu, yasoma majina ya vituo.

Wafanya biashara walijaribu kumshinda mwizi kwa karatasi. Wahindi wa Unguja walitumia hundi: fedha hutolewa hapa, hulipwa Bombay. Mwaka 1891 kampuni ya American Express ya Marekani ilitoa hundi za wasafiri, ambazo mwenyewe alitia sahihi mara mbili, aliponunua na alipolipa. Nchini kwetu M-Pesa ilianza mwaka 2008, na fedha ikaingia katika simu. Lakini mwizi naye husoma wakati. Sasa huchungulia namba ya siri begani pako kwanza, simu huichukua baadaye.

Ajabu ni kwamba msafiri wa leo bado hununua mshipi wa fedha wa kuvaa chini ya shati. Ni mkwiji ule ule! Nami nauona bora kuliko mkoba mzuri, mradi usiufungue hadharani. Fedha ya matumizi ya siku iwe mbali na fedha ya akiba. Nakala ya pasipoti ibaki nyumbani, na nyingine iwe sandukuni, maana pasipoti ikipotea utakwenda polisi kwanza, kisha ubalozini kuomba hati ya dharura ya kurudia.

Sasa mwalimu wa darasa aandike ubaoni: kibindo, pindo, mkwiji, hundi. Kila mmoja atunge sentensi nne. Kisha mwulizeni bibi au babu mmoja mtaani alificha wapi nauli yake alipopanda treni mara ya kwanza, mkaandike jibu lake kwa juma lijalo. Kwa herini.