Shahada ya Usimamizi wa Biashara na Masoko ya Kidijitali: Anachopaswa Kujua Mhitimu wa Kidato cha Sita

Kwa kijana wa Ziba, wilayani Igunga, ada ya chuo kikuu mara nyingi hutokana na ng'ombe waliouzwa au mpunga uliovunwa. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa programu ya masomo ni uamuzi wa kaya nzima, na jina la programu peke yake halitoshi kuufanyia uamuzi huo.

Usimamizi wa biashara ni fani inayofundisha namna ya kupanga, kugharimia na kuendesha shughuli ya kibiashara: uhasibu, uchumi, takwimu, sheria ya biashara, rasilimali watu, ununuzi na usafirishaji. Masoko ya kidijitali ni tawi la fani hiyo linalohusu kumtafuta mteja, kumfikia na kumhudumia kwa njia ya intaneti na simu za mkononi, pamoja na kupima iwapo fedha iliyotumika katika tangazo imerudi. Nchini Tanzania shahada ya kwanza ya biashara kwa kawaida huchukua miaka mitatu, ikiwa na kipindi cha mafunzo kwa vitendo. Vyuo hutofautiana katika kuiita: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha masoko ndani ya shahada ya biashara, na Chuo Kikuu Mzumbe ndani ya shahada ya uongozi wa biashara. Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kilichoanzishwa mwaka 1965, nacho kina masomo ya masoko. Mwombaji asome orodha ya masomo ya kila muhula, kwani ndiyo inayoonesha uzito halisi wa upande wa kidijitali.

Haja ya taarifa za soko si ngeni mkoani Tabora. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Kazeh, eneo la Tabora ya sasa, Novemba mwaka huo; kwa mwendo huo wa miguu ndivyo pia habari za bei ya pembe na nguo zilivyosafiri. Leo bei ya mchele wa Dar es Salaam hujulikana Ziba siku hiyohiyo. Kilichobaki kuwa kigumu ni kuufikisha mzigo, kwa kipimo na ubora ulioahidiwa, na kupata faida baada ya nauli.

Hapo ndipo nusu ya kwanza ya jina la shahada hii inapoonekana thamani yake. Tangazo zuri la mchele katika mitandao ya kijamii linaweza kuleta oda nyingi kwa siku chache. Muuzaji asiyejua gharama ya kukoboa, kufungasha na kusafirisha kila kilo atauza kwa hasara bila kutambua, na hasara hiyo itakua kadiri tangazo linavyofanikiwa. Aidha, bidhaa ya chakula iliyofungashwa huhitaji kukidhi viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na vipimo vyake husimamiwa na Wakala wa Vipimo. Wajasiriamali wadogo huanzia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) kwa ushauri na utambulisho.

Ni vyema pia kutambua mipaka ya taaluma hii. Pamba, zao kubwa la Igunga, hununuliwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika chini ya usimamizi wa Bodi ya Pamba Tanzania. Mkulima mmojammoja hawezi kuipandisha bei kwa tangazo. Nafasi iko zaidi katika mchele, asali, mafuta ya alizeti na mifugo, ambako muuzaji hujitafutia mteja mwenyewe.

Sheria nayo ni sehemu ya somo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu kujisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzitumia taarifa hizo kwa lengo lililokusudiwa. Daftari la namba za simu za wateja, ambalo wengi hulichukulia kuwa jambo dogo, linaguswa na sheria hiyo.

Kuhusu udahili, kigezo cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa mhitimu wa kidato cha sita kuanzia mwaka 2016 ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye jumla ya alama 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Chuo kinaweza kuweka masharti ya juu zaidi, na kwa programu za biashara mara nyingi ufaulu wa hisabati hutazamwa. Maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni. Anayekusudia kusoma nje ya nchi athibitishe kwanza na TCU kwamba chuo na tuzo yake vinatambuliwa. Asiyeweza kuhama anaweza kusoma kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye kituo cha mkoa mjini Tabora.

Mwenye uhitaji huomba mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo hutoa mwongozo kila mwaka unaoainisha sifa na vipaumbele vya fani. Mkopo hurejeshwa, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Miongoni mwa nyaraka zinazotakiwa ni cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Kijana asiye na cheti hicho aanze kukifuatilia ofisi ya wilaya akiwa bado shuleni, kwa kuwa dirisha la maombi ya mkopo hufungwa kwa tarehe maalumu.