Msimulizi wa Kiungani na Mwanzo wa Nathari ya Magazeti

Katika historia ya kuenea kwa Kiswahili, njia ya misafara itokayo pwani kwenda Tabora imepewa sifa inayoistahili. Wapagazi wa Kinyamwezi na wafanya biashara wa pwani waliichukua lugha hata bara kwa midomo yao, na waliojua kuandika waliiandika kwa hati za Kiarabu. Lakini nathari ya magazeti ilianza kwingineko, katika shule ya Kiungani kisiwani Unguja. Na walioianza walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wa asili ya bara.

Misheni ya UMCA ilifika Unguja mwaka 1864, ikiongozwa na Askofu Tozer pamoja na Edward Steere. Haukupita muda mrefu ikawa inapiga chapa vitabu vidogo vya Kiswahili. Miongoni mwa wanafunzi wa Kiungani walikuwamo watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa: Wayao, Wanyasa na wengineo. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Kilikuwa lugha iliyowakutanisha baada ya kutengwa na makwao. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa mjini London kitabu cha habari za maisha yao, walizoziandika wenyewe kwa Kiswahili, naye akazifasiri kwa Kiingereza.

Mwaka uliofuata, 1888, ndipo gazeti la Msimulizi lilipotokea. Lilitoka kila miezi miwili, likachukua habari za shule na za vituo vya bara kama Magila, Masasi na Newala, ambako wenzao wa zamani walikuwa walimu. Basi waandishi na wasomaji walikuwa jamaa moja, wakijuana. Mfano wake katika nyakati za baadaye ni matbaa ndogo ya chama cha wapenzi wa hadithi za kisayansi kilichoundwa Boston, Marekani, mwaka 1967, ambamo wanachama wenyewe huhariri na kutoa vitabu wavipendavyo bila kungojea wenye biashara.

Udogo huo haukuwa upungufu. Mwandishi wa hadithi za kale alikuwa na kigezo cha masimulizi ya wazee. Lakini mwalimu wa Newala aliyetaka kueleza safari, ugonjwa au mchezo wa mpira katika mistari michache hakuwa na kigezo cha kufuata. Ilimpasa kuunda sentensi ambayo mwenzake wa Magila, mwenye lugha nyingine ya kuzaliwa, angeielewa bila mfasiri.

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, lahaja hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa na wageni wake kwa miaka arobaini. Kwa hiyo si haki kuueleza usanifishaji kuwa kazi ya wenyeji wa pwani na wataalamu wa Kizungu peke yao. Vijana wa Kiungani, waliochukuliwa makwao kwa nguvu, wana fungu lao humo, nalo lastahili kuhesabiwa.