Viti maalum vya wanawake (Iringa)

Viti maalum ni nafasi za ubunge zinazogawiwa vyama kwa uwiano wa kura. Ndiyo sehemu pekee ya uchaguzi wa Bunge la Tanzania inayofuata uwiano. Majimboni mshindi ni mwenye kura nyingi, hata akizidi kwa moja.

Utaratibu

Ibara ya 66 ya Katiba inataka wabunge hawa wasipungue asilimia 30 ya wabunge wa aina nyingine. Ibara ya 78 inawapa mgao vyama vilivyopata walau asilimia 5 ya kura halali za ubunge nchi nzima. Mpigakura wa Kalenga au Mufindi, mkoani Iringa, hapewi karatasi ya pili ya ubunge: kura aliyompa mgombea wa jimbo ndiyo inayoingia kwenye fungu la chama. Kwa hiyo kura ya upinzani Isimani, jimbo lililo mikononi mwa William Lukuvi wa CCM tangu 1995, haikuwa ya bure. Mwaka 2015 viti 113 viligawanywa hivi: CCM 66, Chadema 37, CUF 10. Majina hutoka kwenye orodha ya chama iliyokabidhiwa Tume ya Uchaguzi, wala hayamo kwenye karatasi ya kura. Hilo ni pengo kubwa, kwani mwananchi humpeleka bungeni mtu ambaye hakumchagua kwa jina.

Mbunge wa viti maalum hawezi kuwa Waziri Mkuu.

Wabunge kutoka Iringa

Ndani ya CCM kinyang'anyiro kikali huwa kwenye kura za maoni za UWT, jumuiya ya wanawake ya chama hicho, ngazi ya mkoa; Ritta Kabati na Rose Tweve walipitia huko. Chadema ilimwingiza Chiku Abwao mwaka 2010, mwaka ambao Mchungaji Peter Msigwa aliitwaa Iringa Mjini kutoka CCM.

Grace Tendega alishindwa na Godfrey Mgimwa wa CCM katika uchaguzi mdogo wa Kalenga, Machi 2014, kisha akaingia bungeni kwa viti maalum mwaka 2015. Novemba 2020 alikuwa miongoni mwa wanawake 19 walioapishwa kwa nafasi za Chadema. Siku chache baadaye Kamati Kuu ya chama iliwavua uanachama, ikisema haikuwateua. Walikwenda mahakamani, wakabaki bungeni hadi Bunge lilipovunjwa mwaka 2025.

Chadema haikushiriki uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, hivyo haikuwa na mgao.