Saa za Kwanza Rumande: Wajibu wa Jamii katika Kulinda Haki Migori na Homa Bay

Jumamosi ya tarehe 7 Juni 2025, maafisa wa upelelezi walimkamata mwalimu Albert Ojwang' nyumbani kwao, kaunti ya Homa Bay, kwa tuhuma za kumharibia jina mtandaoni Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Alipitishwa kituo cha Mawego, kisha akasafirishwa zaidi ya kilomita 300 hadi Kituo Kikuu cha Polisi, Nairobi. Jumapili alikuwa maiti. Polisi walidai alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine ambayo mtu hawezi kujitia mwenyewe. Watu sita, wakiwemo maafisa watatu wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji, nao wakakana.

Kisa hiki kimejadiliwa sana kama kosa la polisi, na ni haki kijadiliwe hivyo. Makala hii inakitazama kutoka upande wa jamii ambamo mwalimu huyo alitolewa. Hoja yangu ni kwamba uhai na uhuru wa raia huwa hatarini zaidi katika saa za kwanza baada ya kukamatwa, na katika saa hizo mlinzi aliye karibu naye ni jamii yake.

Sheria yenyewe inathibitisha jambo hili. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili na yeyote mwingine ambaye anahitaji msaada wake, na ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Hata hivyo, saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, muda husogezwa hadi siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo anayekamatwa Jumamosi anaweza kuzuiliwa hadi Jumatatu bila hakimu yeyote kumwona. Ojwang' hakuifikia Jumatatu hiyo.

Babake alimfuata Nairobi akiwa amebeba hatimiliki ya shamba, akitumai kwamba ingekubaliwa kama dhamana. Mzee huyo aliiamini sheria kiasi cha kuiwekea rehani ardhi ya ukoo. Mzigo huo haukustahili kuachiwa familia moja.

Jamii ingeubebaje? Kwanza, kwa kuuliza na kuandika: maafisa ni wa kituo gani, gari lina nambari gani ya usajili, mshukiwa ameandikishwa kwa nambari ipi katika kitabu cha matukio, anapelekwa wapi. Pili, kwa kuwapigia simu wakili na IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, kabla gari halijafika mbali. Tatu, kwa kulifuata gari hilo hadi kituoni. Hata kitendo kidogo cha mtu wa nje kina uzito. Mwaka 2016 wakili Willie Kimani, akiwa kizuizini Syokimau pamoja na mteja wake na dereva wao wa teksi, alirusha nje kikaratasi cha kuomba msaada. Mpita njia alikiokota. Watatu hao hawakuokolewa, lakini kikaratasi hicho kikawa sehemu ya ushahidi, na mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu wanne kwa mauaji yao. Mtu asiyejulikana, kwa kuinama tu na kuokota, aliisaidia haki kupatikana.

Kwa sababu hiyo ni lazima tuseme wazi kuhusu Mawego. Mwanzoni mwa Julai 2025, waombolezaji walioupokea mwili wa Ojwang' walikichoma kituo hicho. Uchungu wao naufahamu na siuhukumu. Lakini kituo cha polisi ndimo kinamowekwa kitabu cha matukio, na kitabu hicho ndicho kinachoeleza nani aliletwa, na nani, saa ngapi. Moto hauchagui. Jamii inayodai haki inapaswa kuwa ya kwanza kuzilinda kumbukumbu za waliomdhulumu mtu wake.

Katika maeneo bunge ya Suna Mashariki na Suna Magharibi, kaunti jirani ya Migori, watu wa kuifanya kazi hii ya kuwalinda waliokamatwa wapo tayari. Kuna vyama vya bodaboda, vikundi vya akina mama vya kuweka akiba, makanisa, wazee wa vijiji na mabaraza ya chifu. Mji wa Migori una mahakama, na Sheria ya Usaidizi wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria walio mashinani. Kikundi ambacho tayari kina mweka hazina na orodha ya simu za wanachama kinaweza kuwa na mtu mmoja aliyefunzwa Ibara ya 49, na mfuko mdogo wa nauli na dhamana.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuwabebesha raia kazi ya dola, tena kazi yenye hatari. Hatari ipo, na ndiyo maana asiende mtu mmoja, waende kumi. Ama kuhusu dola, Ibara ya 3 inamwajibisha kila mtu kuiheshimu, kuidumisha na kuilinda Katiba, na Ibara ya 22 inamruhusu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya asiyeweza kujitetea. Kufanya hivyo hakumwondolei polisi lawama hata chembe. Kunampa shahidi. Kila kikundi cha Suna kinachokutana wiki hii kinaweza kuanza kwa uamuzi mmoja: jirani akikamatwa Ijumaa jioni, ni nani kati yetu atakayekesha kituoni hadi Jumatatu?